Aya ya (c) iliyomwondoa Nick Greiner

Mwezi Juni 1992 Bunge la New South Wales, jimbo lenye jiji la Sydney, lilipokea ripoti ya Ian Temby, kamishna wa tume huru ya jimbo ya kupambana na rushwa, kuhusu Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Nick Greiner. Ripoti ilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwa tafsiri ya sheria ya tume, Greiner alikuwa na mwenendo wa kifisadi. Pili, jopo la raia wa kawaida lisingemwona kuwa fisadi.

Jumatano ya tarehe 24 Juni Greiner akaachia ngazi.

Tarehe 21 Agosti Mahakama ya Rufaa ya jimbo ikatamka kwamba tume ilikuwa imevuka mamlaka yake.

Kiti kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.

Miezi hiyo miwili, kati ya kujiuzulu na hukumu, imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Wengi hulifunga jambo hili kwa methali: mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliianzisha tume ya kupambana na rushwa, tume ikamla. Ni methali tamu, lakini inamfanya msomaji afunge jalada kabla hajafika kwenye vifungu, na kesi hii yote imelala kwenye vifungu. Tena methali hiyo humhusu mtu aliyechimba kwa nia mbaya. Greiner hakuwa huyo.

Mtu wa hesabu

Alizaliwa Budapest mwaka 1947, akafika Australia akiwa mtoto mdogo. Alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Sydney, kisha shahada ya uzamili ya biashara Harvard. Aliingia bungeni mwaka 1980 kwa uchaguzi mdogo wa Ku-ring-gai, ngome ya chama cha Liberal kaskazini mwa Sydney. Mwaka 1983 akawa kiongozi wa upinzani. Mwaka 1984 Neville Wran wa chama cha Labor alimshinda. Machi 1988 akashinda yeye, pamoja na washirika wao wa chama cha National, na kuihitimisha miaka 12 ya Labor.

Mashirika ya umma aliyaendesha kwa mtindo wa kampuni, matumizi akayabana, na waziri wake wa elimu, Terry Metherell, akawachokoza walimu mpaka wakajaa mitaa ya Sydney mwaka huohuo wa kwanza. Mengi yameandikwa juu ya hayo. Mimi nabakia na jambo moja: tabia ya meneja. Kwenye kampuni, mkurugenzi akiwa na mtu msumbufu humtafutia nafasi nzuri kwingine, mtu anaondoka kwa heshima, kazi inaendelea. Bodi inamsifu. Greiner aliingia serikalini na tabia hiyo, kisha akatunga sheria ambazo hazikuitambua.

Muswada wa 1988

Ahadi yake kubwa ya uchaguzi ilikuwa tume huru ya kupambana na rushwa. Alikuwa na sababu. Chini ya Labor, waziri wa magereza Rex Jackson alikuwa amefungwa mwaka 1987 kwa kuchukua fedha ili wafungwa waachiwe mapema, na hakimu mkuu wa jimbo, Murray Farquhar, alikuwa ameshatangulia gerezani mwaka 1985. Wapiga kura walikuwa wamechoka.

Mfano uliokuwa karibu ni tume ya Hong Kong ya mwaka 1974. Ile ilijengwa kwa ajili ya kukamata watu na kuwafikisha mahakamani. Ya Sydney ilipewa kazi tofauti kidogo: kuchunguza, kuhoji watu hadharani kwa kiapo, kisha kuandika ripoti. Haifungi mtu, haitozi faini. Silaha yake ni kusema.

Muundo wa sheria unahitaji kusomwa taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye mtego.

Kifungu cha 8 kinaeleza mwenendo wa kifisadi kwa upana wa kutisha. Ndani yake kuna maneno machache kuhusu mtumishi wa umma anayetumia madaraka yake bila uaminifu *au kwa upendeleo*. Si lazima apokee hata senti. Upendeleo peke yake unatosha.

Kwa kuwa wavu huo ungenasa kila kiumbe, kifungu cha 9 kiliwekwa kuupunguza. Kinasema jambo la kifungu cha 8 halihesabiki kuwa ufisadi mpaka liweze kuwa mojawapo ya haya: (a) kosa la jinai, (b) kosa la kinidhamu, (c) sababu ya kutosha ya kumfukuza kazi mtumishi husika, au kwa namna nyingine kusitisha utumishi wake.

Kwa karani wa halmashauri au askari polisi, aya ya (c) haina shida. Ana mwajiri, ana kanuni za kazi, zipo kesi za nyuma za watu waliofukuzwa kwa makosa kama hayo. Lakini Waziri Mkuu anafukuzwa na nani? Kwa utaratibu wao mawaziri wanashika nafasi kwa ridhaa ya Gavana, na Gavana hana orodha ya makosa ya mawaziri ukutani. Walioandika aya hiyo walikuwa wakimfikiria mtumishi. Juu ya ngazi hakuna aliyepatazama.

Tume ilianza kazi Machi 1989, Temby akiwa kamishna wa kwanza. Kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa mashtaka wa serikali ya shirikisho.

Mahakama ilipompa upenyo

Katika simulizi nyingi sehemu hii inarukwa, na kwangu ndiyo iliyonifanya nirudi nyuma kusoma upya.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Balog, iliinyang'anya tume ile silaha ya kusema. Majaji walisema kazi ya tume ni kuchunguza na kukusanya ushahidi. Sheria kama ilivyoandikwa haikuipa ruhusa ya kumtamkia mtu kwenye ripoti kwamba ametenda uhalifu au ni fisadi.

Hapo serikali ya Greiner ilikuwa na upenyo. Ingenyamaza tu, tume ingebaki kuwa ofisi ya upelelezi, na ripoti zake zingekuwa mabunda ya ushahidi yasiyo na hukumu. Tena tume ilikuwa imeshaanza kuwachoma: uchunguzi wake kuhusu ardhi ya pwani ya kaskazini uligusa kambi ya serikali yenyewe.

Serikali ikafanya kinyume. Mwaka huohuo ilirekebisha sheria ili tume iweze kutamka kwamba fulani ana mwenendo wa kifisadi, huku ikiongeza kwamba tamko hilo si hukumu ya kosa la jinai.

Bila marekebisho hayo, Juni 1992 Temby angeeleza yaliyotokea tu. Neno lenyewe asingeweza kulitamka.

Ndiyo maana methali ya kisima hainitoshi. Mtu huyu alipewa nafasi ya kukifukia kisima, akakichimba zaidi, na sioni dalili kwamba alilazimishwa.

Hesabu ya viti

Mei 1991 Greiner aliitisha uchaguzi mapema, akitarajia ushindi mwepesi. Bunge lilikuwa limepunguzwa kutoka viti 109 hadi 99. Matokeo: muungano wake 49, Labor 46, wabunge huru 4. Serikali ya wachache.

Kati ya wale wanne, Tony Windsor wa Tamworth aliiunga mkono serikali. Watatu waliobaki walikuwa John Hatton, mkongwe aliyepigana na rushwa tangu miaka ya 1970. Clover Moore wa katikati ya Sydney. Na Peter Macdonald, daktari wa Manly. Hao walidai mkataba wa mageuzi kabla ya kuiacha serikali ipumue, na mmoja wa matunda yake ulikuwa sheria ya kulifungia muda Bunge lile: lidumu hadi Machi 1995, Waziri Mkuu asiweze kuitisha uchaguzi kwa wakati unaompendeza.

Kumbuka sheria hiyo. Itarudi.

Kisha mambo mawili yakaharibika. Oktoba 1991 Metherell, aliyekuwa amepoteza uwaziri mwaka 1990 kwa mashtaka ya kodi na hakurudishwa, alikihama chama na kukaa bungeni kama mbunge huru. Januari 1992 kiti cha The Entrance, ambacho matokeo yake yalifutwa mahakamani, kikaenda Labor kwa uchaguzi mdogo.

Sasa hesabu: serikali 47, Labor 47, wabunge huru 5.

Kiti cha Metherell kilikuwa Davidson, mojawapo ya ngome salama kabisa za Liberal. Akiondoka, uchaguzi mdogo unakirudisha kwa chama bila jasho. Serikali inakuwa na 48, na Windsor 49. Kila mtu aliyejua kujumlisha aliliona hilo.

Ijumaa, Aprili 10

Metherell mwenyewe alitaka kutoka. Mjumbe kati yake na Waziri Mkuu alikuwa rafiki yake Tim Moore, waziri wa mazingira (hana undugu na Clover). Mazungumzo yakafikia kazi: nafasi ya ukurugenzi serikalini, iliyolenga mamlaka mpya ya kuhifadhi mazingira, kwa mshahara wa takriban dola 110,000 za Australia kwa mwaka.

Njia iliyotumika ndiyo iliyoleta balaa. Nafasi iliundwa ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu, kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana. Haikutangazwa. Hakukuwa na waombaji wengine, wala usaili wa maana. Uteuzi na kujiuzulu ubunge vikatangazwa siku moja, tarehe 10 Aprili.

Serikali hiyohiyo ya Greiner ndiyo iliyokuwa imepitisha mwaka 1988 sheria mpya ya utumishi wa umma, ambayo moyo wake ulikuwa ajira kwa sifa na ushindani. Waziri hakupaswa kuchagua. Mkuu wa idara ndiye aliyepaswa kuwapima waombaji na kumpata anayefaa zaidi. Ukiwa na mwombaji mmoja, kazi imeundwa kwa kipimo chake, na bosi wa bosi wako anataka jambo liishe kabla ya wikiendi, unapima nini?

Labor walipiga kelele, kama ilivyotarajiwa. Kelele zilizohesabika zilikuwa za wale wabunge huru watatu. Suala likapelekwa na Bunge kwa tume, na sheria inasema likipelekwa kwa azimio la mabaraza yote mawili, tume haina hiari, lazima ichunguze.

Davidson ilirudi Liberal tarehe 2 Mei. Ushindi huo haukumfaa mtu kitu.

Hoja ya Temby

Niliisoma hoja yake nikitafuta mahali palipovunjika. Inakwenda hivi.

Je, Greiner alitumia madaraka ya umma? Ndiyo, alisukuma uteuzi. Je, kulikuwa na upendeleo? Ndiyo, Metherell alipata kazi kwa sababu ya faida ya kisiasa na si kwa kushindanishwa. Hapo kifungu cha 8 kimetimia, na mpaka hapo sina ubishi naye. Hongo haikuwepo. Greiner hakujitajirisha, na Temby hakusema alijitajirisha.

Kifungu cha 9 sasa. Jinai? Hapana. Nidhamu? Mawaziri hawakuwa na kanuni za nidhamu zilizoandikwa kisheria. Ikabaki aya ya (c): je, jambo hili lingeweza kuwa sababu ya kutosha ya kumwondoa? Temby akajibu kwamba lingeweza.

Kwa kipimo kipi? Hapo ndipo palipovunjika. Hakikuwepo kipimo cha kisheria cha makosa yanayomwondoa Waziri Mkuu, kwa hiyo kamishna akalazimika kutumia chake. Na papo hapo, kwa uungwana ambao mpaka leo nauheshimu, akaandika kwamba watu wa kawaida wasingemwona Greiner kuwa fisadi. Sentensi hizo mbili zikikaa pamoja zinaonyesha wazi kwamba kipimo kilichotumika hakikuwa cha watu wa kawaida.

Utetezi wa Greiner bungeni ulikuwa wa kisiasa: alisema, kwa maneno mengine, kwamba kama hili ni ufisadi basi siasa kama tunavyoijua imekwisha. Kwa muda nilidhani hiyo ni hoja dhaifu ya mtu aliyebanwa. Sasa naona ilikuwa kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyomharibia. Wale waliomsikiliza kwa makini, kina Hatton, walikuwa wameingia siasa ili siasa ya namna hiyo iishe.

Kwa nini hakusubiri

Swali linalonirudia ni hili. Rufaa ilikuwa inakuja. Wanasheria wake waliuona udhaifu wa aya ya (c). Kwa nini asishike kiti mpaka Agosti?

Jibu la kwanza ni kura. Hatton, Moore na Macdonald walimweleza kwamba asipoondoka wataunga mkono hoja ya kutokuwa na imani naye. Walimwachia mlango mmoja: serikali ya Liberal na National ibaki, chini ya kiongozi mwingine.

Jibu la pili ni ile sheria ya muda wa Bunge. Katika enzi za nyuma Waziri Mkuu aliyebanwa hivyo angemwendea Gavana, akavunja Bunge na kwenda kwa wananchi. Greiner alikuwa amesaini kuiachia silaha hiyo miezi michache tu nyuma.

Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kung'ang'ania na kuhatarisha serikali nzima kwa ajili ya hukumu ambayo hakuijua, au kuondoka na kuiacha salama. Akaondoka. John Fahey akashika nafasi, na serikali ikadumu mpaka Machi 1995, Bob Carr wa Labor aliposhinda viti 50 kati ya 99.

Nimewahi kuwaona wale watatu kuwa wakatili. Wangeweza kusubiri wiki nane. Lakini hebu jiweke mahali pa Hatton: umedai tume kwa miaka, tume imesema, na jambo la kwanza unaloulizwa ni kama utaiheshimu ikimgusa mkubwa. Hukumu ya mahakama ingejibu kama Temby alikuwa na mamlaka. Isingejibu kama ni sawa Waziri Mkuu kununua kiti kwa mshahara wa serikali. Hilo la pili lilikuwa swali la Bunge, na Bunge lina haki ya kulijibu siku yoyote.

Msimamo wangu, baada ya kugeuzwa huku na huku: tume ilikosea kisheria, na wabunge wale hawakukosea kisiasa. Najua sentensi hiyo inawaudhi wanaotaka mshindi mmoja.

Agosti

Majaji wawili, Gleeson na Priestley, walisema sababu ya kufukuzwa chini ya aya ya (c) lazima ipimwe kwa vigezo vya kisheria vinavyotambulika, visivyotegemea mtazamo wa kamishna mwenyewe. Vigezo hivyo havikutumika. Tamko dhidi ya Greiner na dhidi ya Tim Moore likaanguka. Jaji wa tatu, Mahoney, alipinga: madaraka ya umma hutolewa kwa kazi ya umma, na kuyatumia kwa faida ya chama ni upendeleo, hata kama kila chama hufanya hivyo.

Nikisoma hukumu hizo, kwa sheria nasimama na Gleeson. Kwa yale niliyotarajia kutoka kwa tume, nasimama na Mahoney.

Tim Moore baadaye akawa jaji katika mahakama ya ardhi na mazingira ya jimbo hilohilo. Greiner alikwenda kwenye bodi za makampuni, akarudi mwaka 2011 kuongoza chombo cha miundombinu cha jimbo, kisha akawa rais wa chama chake kitaifa, na mwaka 2021 konseli mkuu wa Australia mjini New York. Hakugombea tena.

Aya ya (d)

Mwaka 1994 Bunge liliziba tundu. Kifungu cha 9 kikaongezewa aya ya (d): kwa waziri au mbunge, uvunjaji mkubwa wa kanuni za maadili zinazomhusu. Juu ya ngazi napo pakawa na kipimo kilichoandikwa.

Ila kipimo kilichoandikwa hakikurefusha maisha ya waliofuata. Aprili 2014 Waziri Mkuu wa jimbo Barry O'Farrell, yule aliyemrudisha Greiner kwenye miundombinu, aliiambia tume kwamba hakupokea chupa ya mvinyo wa Penfolds Grange wa mwaka 1959, yenye thamani ya takriban dola 3,000. Asubuhi iliyofuata ikatolewa barua yake ya shukrani, kwa mwandiko wake. Akajiuzulu siku hiyohiyo, na tume haikumtia hatiani kwa ufisadi wowote. Oktoba 2021 Waziri Mkuu mwingine, Gladys Berejiklian, alitangaza kujiuzulu siku ileile tume ilipotangaza kwamba inamchunguza.

Greiner aliondoka baada ya ripoti. O'Farrell aliondoka katikati ya ushahidi. Berejiklian aliondoka kabla vikao vya hadhara kuhusu mwenendo wake mwenyewe havijaanza.

Ripoti ya Berejiklian ilitoka Juni 2023 na kumkuta na mwenendo mzito wa kifisadi, upendeleo ukiwa miongoni mwa hoja. Naye alikwenda Mahakama ya Rufaa, na Julai 2024 akashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, hesabu ileile iliyompa Greiner ushindi. Jaji aliyekuwa upande wake alishikilia jambo la kalenda: muda wa uteuzi wa kamishna msaidizi aliyeongoza uchunguzi ulikuwa umekwisha kabla ripoti haijakamilika.